Kumvua bass wa Naivasha kandokando ya mafunjo

Wageni huniuliza nianze na samaki gani. Mimi sisiti: bass mdomo mkubwa. Ni mzaliwa wa Marekani Kaskazini, aliyepandikizwa Ziwa Naivasha, Kenya, kabla ya uhuru kwa ajili ya wavuvi wa burudani. Kambale ana nguvu, sikatai, lakini haruki.

Ondoka alfajiri, kwa sababu mchana upepo hulichafua ziwa. Leseni iwe mfukoni, na nahodha awe mtu anayejua viboko wanalala wapi.

Bass huvizia kivulini, ukingoni mwa mafunjo na chini ya magugu maji. Chakula akipendacho ni kamba wekundu wa maji baridi (crayfish) walioletwa ziwani mwaka 1970, kwa hiyo tumia chambo cha mpira cha rangi ya kahawia au nyekundu iliyokolea. Ncha ya ndoano ifiche ndani ya mpira, la sivyo utavua magugu kutwa. Tupa karibu kabisa na mashina, hata kama unaogopa kunasa, kisha acha chambo kizame chenyewe. Wengi huvuta mapema mno.

Akikila utasikia "tuk" moja tu, au utaona mshipi unaenda pembeni. Kaza mshipi, kisha pandisha fimbo kwa nguvu. Akiruka akitikisa kichwa, shusha ncha ya fimbo karibu na maji, na usilegeze mshipi.

Mshike mdomo wa chini kwa kidole gumba. Meno yake hukwaruza kama msasa, hayakati.