Neno la siri: jinsi ya kugeuza sebule kuwa nyumba ya Pee-wee kwa Jumamosi moja

Utahitaji boksi kubwa la televisheni au la friji, kiti cha plastiki, shati kuukuu la mikono mirefu, watoto wasiopungua wanne, na neno moja. Boksi utalipata ukiliomba dukani. Watoto watakuja wenyewe wakisikia harufu ya maandazi. Neno ndilo litakalokusumbua, kwa hiyo hapo nitakaa sana kuliko kwingine.

Kwanza nieleze mchezo wenyewe umetoka wapi. Mwaka 1987 baba alikuwa anasoma Madison, Wisconsin, huko Marekani, nasi tukamfuata. Nilikuwa na miaka minane, na Kiingereza changu kilikuwa kinaishia kwenye salamu ya kumwamkia mwalimu. Televisheni tuliachiwa na familia moja ya wanafunzi iliyokuwa inarudi kwao, na rangi zake zilikuwa zimeegemea kijani, hata watu wa taarifa ya habari walionekana kama wana homa ya manjano. Jumamosi asubuhi kituo cha CBS walikuwa wanaonyesha kipindi cha watoto, Pee-wee's Playhouse. Mtu mzima, suti ya kijivu iliyombana, tai nyekundu ya kipepeo, viatu vyeupe, anaishi kwenye nyumba ambayo kila kitu kinasema. Dirisha linasema. Saa inasema, sakafu inasema, tufe la ramani ya dunia linasema. Kiti kinasema na pia kinakumbatia. Ukifungua friji unakuta vyakula vinacheza muziki humo ndani.

Mtu huyo alikuwa Paul Reubens, mchekeshaji aliyemzua Pee-wee Herman akiwa na kikundi cha vichekesho cha The Groundlings huko Los Angeles. Kipindi kilianza tarehe 13 Septemba 1986, kikaenda misimu 5 yenye vipindi 45, kikaisha 1990. Reubens alifariki Julai 2023. Siku habari zilipotoka, kaka yangu, ambaye leo ni mhasibu mwenye kitambi na miwani, alinipigia simu, akapiga yowe moja refu, akakata. Hakusema kitu kingine, na hakikuhitajika.

Yowe hilo ndilo mchezo wenyewe. Kipindi kikianza, roboti mmoja aitwaye Conky alikuwa anatoa kikaratasi chenye neno la siri la siku hiyo. Kuanzia hapo, yeyote akilitamka, waliomo ndani ya nyumba ile wote wanapiga kelele kwa nguvu zao zote, na sisi tunaotazama tunapiga pia, mpaka siku iishe. Yalikuwa maneno mafupi ya kila siku. Kwa mtoto asiyejua lugha, hakuna shule iliyoishinda ile. Nilikuwa nachambua kila sentensi ya Kiingereza kama mchele kwenye ungo, natafuta punje moja tu.

Sasa nipo Morogoro, na nyumba yangu ndiyo ya shangazi, maana yake wapwa wote wakifunga shule wanamwagwa kwangu. Nilipowaanzishia mchezo huu nilikosea mwanzo kabisa: nilianza na boksi. Wewe anza na neno.

Neno la siri kwa Kiingereza ni jambo rahisi, kwa sababu maneno yao yanasimama peke yake. Ya kwetu yanavaa nguo mbele na nyuma. Mara ya kwanza nilichagua "kula". Nikadhani nina akili, kwani nani ataishi siku nzima nyumbani kwangu bila kutaja kula? Lakini "tumekula" inahesabika? Inahesabika, sawa. "Anayekula" je? Sawa. Na "chakula"? Mpwa mkubwa akasema kimo, mdogo wake akasema hakimo, wakabishana mpaka maandazi yakapoa. (Kimo. Lakini hebu mweleze mtoto wa miaka sita.) Basi vitenzi usiguse. Na majina ya vitu vinavyobadilika umbo usiguse pia: ukichagua "mlango" utaletewa milango, mlangoni na kimlango, na kila kimoja kina wakili wake.

Tafuta neno lisilobadilika. Hata hapo, kabla hujalipitisha, liangalie kama halijajificha ndani ya neno jingine. Mimi sikuangalia. Jumamosi ya pili nilichagua "maji", na ilikwenda vizuri mpaka nilipotaja majirani. Yowe. Nikauliza majina ya waliopiga yowe. Yowe. Jumamosi ya tatu nikachagua "leo", nikajisifu kwamba neno hili ni safi, halina mapembe. Saa saba mchana baba, ambaye sasa ni babu wa watu, akaketi barazani na redio yake kusikiliza taarifa ya habari. Kiongozi fulani alikuwa anazindua kitu, na kila sentensi yake ilikuwa na maendeleo. Maendeleo ya wananchi, yowe. Maendeleo ya kata, yowe. Kuleta maendeleo, yowe. Babu alizima redio, akawatazama wajukuu mmoja mmoja, akaniuliza kwa upole kama watoto wameanza siasa.

Kipimo ninachotumia siku hizi ni maharage. Ijumaa jioni, mkiwa mezani, weka mfukoni upande wa kulia punje hamsini za maharage makavu. Kila mtu yeyote akitamka neno unalolifikiria, hamisha punje moja kwenda mfuko wa kushoto, bila kusema kitu. Mkimaliza kula, hesabu. Chini ya punje tano, mchezo utalala. Zaidi ya thelathini, utaumwa kichwa kabla ya saa nne asubuhi. "Sasa" ilinipa punje arobaini na moja na mboga haijaisha sufuriani. "Kumbe" ilitoa tisa, na ni neno tamu kwa sababu mtu analisema akiwa ameshangaa tayari, halafu anashangazwa tena. Lakini lililo bora kwangu ni "bado". Umeoga? Bado. Umepiga mswaki? Bado. Chai iko tayari? Mtu mzima ndiye ananaswa zaidi ya mtoto, na hicho ndicho watoto wanachokitaka.

Halafu weka sharti moja mapema: atakayelitamka makusudi ili watu wapige kelele, hapigiwi. Kimya kabisa, kama hajasema. Nimeona mtoto akisema bado, bado, bado mbele ya wenzake walionyamaza, akaenda kukaa kwenye ngazi peke yake. Hajarudia.

Neno likishapatikana, mengine ni mikono tu.

Roboti. Conky wa kwenye kipindi alionekana kama kiumbe kilichookotwa kwenye banda la fundi redio, kwa hiyo usihangaike apendeze. Simamisha boksi. Tengeneza gundi ya uji: vijiko vitatu vya unga wa ngano kwenye kikombe cha maji baridi, koroga mpaka mabonge yaishe, ndipo uinjike, ukikoroga mpaka uzito uwe kama wa uji wa mgonjwa. Ipoe kwanza. Bandika CD mbili mbovu ziwe macho, rimoti iliyokufa kifuani, na vizibo vya soda popote watakapo. Mdomo ukate kwa kisu, tundu la kulala lenye upana wa kiganja, usawa wa kidevu cha mtoto atakayekaa ndani, maana yeye ndiye atakayesukuma kikaratasi kitoke. Mgongo wa boksi uondoe wote. Mimi niliacha kitundu kidogo tu, eti uchawi usionekane, na ilikuwa Januari. Mpwa aliyekuwa roboti alitoka amelowa kama aliyevuliwa Mto Ngerengere.

Kiti ndicho nitakuonyesha taratibu, kwa sababu kiti ndicho wanachokumbuka. Kile cha Pee-wee kilikuwa cha rangi ya feruzi (kwetu Madison kilikuwa kijani, kama kila kitu), kina macho makubwa kwenye egemeo na mikono laini iliyokuwa inamzunguka aliyekikalia. Chukua kiti cha plastiki chenye mikono. Livalishe egemeo lake lile shati kuukuu, kola juu, vifungo mbele, kama unavyomvalisha mtu aliyekaa. Nyuma ya shati, usawa wa kila bega, pasua mpasuo wa wima unaotosha mkono kupita. Sukuma kiti mpaka mgongo wake ukaribiane na kamba ya kuanikia nguo, tundika shuka kwenye kamba hadi chini, na pasua shuka mahali palepale. Mtu mzima anapiga magoti nyuma ya shuka, anapitisha mikono kwenye mipasuo, anaiingiza kwenye mikono ya shati, na vidole anavivika soksi. Macho kata kwenye sponji ya godoro, makubwa kama visahani vya chai, uyashone kwenye kola. Usiyabandike kwa gundi, yataanguka mtoto wa kwanza akiegemea.

Hakikisha mikono inakaa kimya mwanzoni. Mtoto aje, akae, ajisahau, ndipo kiti kikohoe. Kisha kimuulize ameamkaje. Kisha, polepole, mkono mmoja umzunguke, halafu wa pili. Binti wa jirani, wa miaka mitano, alikaa wima kama askari, macho mbele, akajibu "nimeamka salama, shikamoo", kwa heshima zote alizofundishwa kwao. Nyuma ya shuka nikaitikia marahaba, na tangu siku hiyo kile kiti ni mkubwa wake, hapiti bila kukiamkia hata kikiwa uchi, hakina shati. Walio chini ya miaka mitatu waonyeshe mikono yako kabla ya kuivika soksi. Wasipoionyeshwa wanalia, na wana haki.

Kwenye kipindi kulikuwa pia na kichwa ndani ya kisanduku cha vito, kina kilemba, kinatimiza ombi moja la Pee-wee. Unaweza kukitengeneza kwa kukata tundu kwenye meza kuukuu au boksi la pili, mtoto akachomoza kichwa. Kazi ni ndogo. Ila jina lake lilikuwa Jambi. Mpe jina jingine, tafadhali. Mimi lilinitoka mbele ya watoto saba wanaojua Kiswahili, na nusu saa nzima haikufanyika kitu, maana kila mmoja alikuwa ananyoosha kidole kwa mwenzake kusema nani jambi na nani hajambi. Nakumbuka hata Madison mama alikuwa akisikia jina hilo anaondoka chumbani akiwa ameshika mdomo.

Usisahau wageni, kwa sababu nyumba ile iliishi kwa wageni. Alikuwa anakuja mchunga ng'ombe Curtis, aliyechezwa na Laurence Fishburne miaka mingi kabla dunia haijamwona kwenye filamu ya The Matrix. Alikuwa anakuja Reba mpeleka barua, S. Epatha Merkerson, na mama alikuwa anaacha vyombo vyake kwenye maji ya sabuni ili amwone Reba. Mwanamke mweusi kama sisi, anaingia nyumba ya vichaa na mkoba wake wa barua, anashangaa kama sisi tulivyokuwa tunashangaa kila kitu Wisconsin. Basi panga watu wawili watatu wapite mchana: jirani, fundi, mjomba. Waambie waje na habari ya kusimulia. Neno la siri usiwaambie.

Lakini asiyekuja kwa mwaliko, mlinde. Muuza maziwa wetu alisema "leo bado sijapata chenji" akiwa ameshika kidumu, na watoto saba wakalipuka kutoka nyuma ya mlango. Nilimlipa lita tano zilizoingia mchangani, na wiki nzima akawa anapitia nyumba ya pili kwanza kuchungulia.

Na kabla ya yote, Ijumaa hiyohiyo ya maharage, zunguka mtaani. Kama kuna msiba, ahirisha, hata kama boksi limeshakauka. Kama kuna mgonjwa, ahirisha. Wengine waambie tu kwamba kesho mtasikia mayowe kwangu na si mwizi, msije na marungu. Wakati wa adhana tunanyamaza, na roboti ndiye anayetangaza, kwa sababu roboti wanamsikia kuliko mimi.

Mwisho wa kila kipindi Pee-wee alikuwa anapanda skuta yake na kutoka nayo nje. Sisi hatuna skuta. Tunamaliza kwa kuoga: atakayetoka bafuni, neno limekwisha kwake. Kikaratasi tunakibandika nyuma ya mlango wa jikoni pamoja na vya zamani, cha "kumbe" na cha "chai" na kile cha "leo" chenye alama ya jino.

Jumamosi iliyopita nilizima taa saa tatu usiku, wote wamo ndani ya neti, nyumba imetulia. Nikauliza kwa sauti ya chini, kuna mtu hajalala? Kimya. Kisha mkubwa, kwa usingizi, akajibu: "Mimi bado." Kutoka neti ya pili, chini ya shuka, kikatoka kiyowe kimoja chembamba kama cha panya.