Somo: Kusahihisha mpotoko wa kigunduzi kabla ya kuamini momenta

Somo hili ni la wanaopima chembe zenye chaji ndani ya chemba ya gesi, kama ile ya jaribio la ALICE pale CERN, maabara ya fizikia ya chembe karibu na Geneva. Kwa chembe ya chaji moja, momenta (wingi wa mwendo wake, kwa kipimo cha GeV) ni 0.3 × uga sumaku (tesla) × nusukipenyo cha mpindo (mita). Hapo momenta haipimwi moja kwa moja. Kinachopimwa ni jinsi njia ilivyopinda. Njia ikipindishwa na kitu kingine, momenta nayo inadanganya.

Hatua ya 1: piga hesabu ya kimo cha upinde, yaani umbali kati ya katikati ya upinde na mstari mnyofu unaounganisha ncha zake. Uga wa tesla 0.5, njia ya mita 1.6: chembe ya GeV 1 inatoa kimo cha milimita 48, ya GeV 10 milimita 4.8 tu. Sasa tia kosa la nusu milimita. Ya kwanza inakosewa kwa asilimia 1 hivi, ya pili kwa zaidi ya asilimia 10.

Hatua ya 2: mjue mkorofi. Ni ioni chanya, yaani atomi za gesi zilizopoteza elektroni. Elektroni hufika haraka kwenye sahani za kusomea, ilhali ioni hujikokota polepole mara maelfu na kurundikana. Rundo hilo huvuruga uga wa umeme, na elektroni zinazofuata husukumwa pembeni, hata kwa sentimita kadhaa.

Hatua ya 3: chora ramani. Anza na leza. Mwanga haupindwi na sumaku, kwa hiyo mstari wa elektroni unaoachwa na leza lazima unyooke. Ukionekana umebinuka, huo ndio mpotoko. Ila leza hupita sehemu chache. Kwingine, unganisha alama (sehemu chembe ilipoonekana kupita) za vigunduzi vya ndani na vya nje, uone alama za chemba zimekengeuka kiasi gani katikati yake. Ramani irudiwe mara kwa mara, maana rundo hubadilika kadiri magongano yanavyoongezeka au kupungua.

Hatua ya 4: sogeza alama, kisha jenga njia upya. Wanaozidisha momenta kwa namba fulani mwishoni wanaficha tatizo tu.

Hatua ya 5: tenganisha chanya na hasi. Alama zikisogea pembeni, chaji moja huzidishiwa mpindo na nyingine hupunguziwa. Momenta za chaji zote mbili zikikosewa upande mmoja, kagua kwanza thamani ya uga sumaku.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, masi ya K0S (kaoni, chembe isiyo na chaji) imetoka 497.6 MeV. Si inatosha?*
Haitoshi. K0S huvunjika kuwa pioni (chembe nyepesi zaidi) mbili, chanya na hasi. Momenta ya moja ikipungua, ya nyingine inaongezeka, na wastani wa masi unabaki palepale huku kilele cha mchoro wa masi kikipanuka. Chora masi dhidi ya tofauti ya momenta za pioni hizo. Kilele kikihamahama, mpotoko bado upo.

*Nikizima sumaku nikachora ramani, naweza kuitumia sumaku ikiwashwa?*
Hapana. Kuzima kunafaa kwa kupanga vigunduzi, kwa kuwa njia zote hunyooka. Lakini sehemu ya mpotoko huzaliwa na uga wa umeme na uga sumaku vikifanya kazi pamoja. Ukizima mmoja, sehemu hiyo nayo inapotea.

*Na miuoni (chembe kama elektroni, ila nzito zaidi) za kutoka angani?*
Zitumie. Muoni mmoja hukata chemba nzima, hivyo nusu ya juu na ya chini lazima zikubaliane momenta, ukihesabu nishati kidogo iliyopotea njiani. Nyingi huja wima, kwa hiyo pande za kushoto na kulia utazikagua kwa K0S.