Somo: Kuchagua mti wa ubao wa freti, kwa gitaa na besi za hapa Tanga

Swali linaloulizwa kila siku karakana ni "Fundi, unaweka mti gani?" Swali si baya, ila mahali pake ni pa tatu. La kwanza: ubao umekauka? La pili: umepasuliwa upande gani? Mpingo mbichi utakutesa kuliko mninga mkavu, na huku kwetu hewa ina maji karibu mwaka mzima. Kwa hiyo jina la mti nimeliweka mbele kidogo, mvumilie.

Kwa wageni: ubao wa freti ni ule ubao mwembamba unaogundishwa juu ya shingo, ndio unaopigiliwa freti, yaani zile waya za chuma zinazokatiza shingo, na ndio kidole kinapokandamiza uzi.

Hatua ya 1: Jua vipimo kabla ya kwenda kwa muuza mbao

Gitaa la umeme la kawaida, uzi unaopigwa una urefu wa milimita 648, na ubao wa freti 22 unamalizikia kama sentimita 48. Besi ya kawaida ni milimita 864; freti 21 zinakula karibu sentimita 62. Nunua chenye ziada: sentimita 52 kwa 7 kwa gitaa, 70 kwa 8 kwa besi, unene milimita 10. Ukimaliza kupiga randa ubaki na 6.

Hatua ya 2: Angalia kichwa cha ubao

Usiangalie uso, angalia kichwa. Kichonge kidogo kwa patasi kali, lowesha kwa mate, na mistari ya mti itajitokeza. Mistari ikisimama wima, chukua. Ikilala, mrudishie mwenyewe. Sababu yake ni kwamba mti unapokauka hunywea kufuata duara lake karibu mara mbili ya unavyonywea kuelekea moyoni, hivyo ubao wenye mistari iliyolala hubetuka na kuivuta shingo nzima. Kisha fuata mistari ya usoni kutoka mwanzo hadi mwisho. Ikitokea ubavuni katikati ya safari, huo ubao utakuja kupinda. Fundo hata moja, hapana.

Hatua ya 3: Mizani ya dukani

Kata kipande cha sentimita 50 kwa 7 kwa unene wa 1, ukipime hata kwa muuza sukari. Mpingo mkavu utasoma gramu 420 na zaidi. Mkongo unacheza kwenye 280. Mninga na msaji, au tiki kama wauza mbao wanavyoita, ni 220 na ushee. Ukiambiwa mpingo na mizani ikasema 250, ndugu yangu, umeuziwa rangi ya viatu. Kwangua kwa kisu: unga wa mpingo una rangi ya zambarau iliyoiva ikielekea kahawia, na kipande chenyewe ukikitupa kwenye ndoo ya maji kinazama moja kwa moja. Cha kupakwa rangi kinafichua weupe kwa mkwaruzo wa kwanza.

Hatua ya 4: Kausha, kausha tena

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Ukishapasua ubao, vichwa vyote viwili vipake nta ya mshumaa iliyoyeyushwa, kwa sababu maji hukimbilia kutokea vichwani na nyufa zinaanzia hapo. Panga mbao kwa vijiti katikati ili hewa ipite, ndani ya nyumba, kivulini. Kuna wanaoanika juu ya bati "zikauke haraka". Zinakauka, na zinapasuka siku hiyo hiyo.

Andika uzito wa kila ubao kwa penseli juu yake, na upime kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, ubao umefika mwisho wa kukauka kwa hewa uliyonayo. Tatizo ni hiyo hewa yenyewe. Mbao iliyokaa kibarazani huku pwani inatulia kwenye unyevu wa kama asilimia 14 na zaidi, wakati mafundi wa magitaa hutaka 6 hadi 10. Kwa hiyo wiki za mwisho hamishia mbao kwenye sanduku la plaiwudi lenye matundu juu na chini, na balbu ya zamani ya wati 60 inayowaka ndani, ile inayotoa joto. Utaona uzito unaanza kushuka tena. Ukisimama, sasa una mali.

Hatua ya 5: Sasa tuongee miti

Mpingo ndio mfalme, sibishi. Ni jamii ya Dalbergia, yaani ndugu wa ile rozwudi ya India iliyo kwenye magitaa mengi ya viwandani, ila mzito na mgumu kuizidi. Ndio mti wa klarineti na obo, zile ala za kupuliza, za dunia nzima. Unang'aa kwa msasa tu, bila vanishi. Ubaya wake ni umbo: mti ni mfupi, umejikunja, umejaa mashimo moyoni. Kipande kilichonyooka cha kutosha klarineti utakipata, cha gitaa utahangaika kidogo, cha besi cha sentimita 70 chenye mistari wima utakitafuta mpaka uchoke. Zungukia wachonga vinyago, masalia yao makubwa yanatosha gitaa. Na vaa barakoa: unga wake unawasha ngozi na kubana kifua.

Kwa hiyo kwenye besi naweka mkongo. Najua wengi mtapinga. Lakini mji uliolea bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, mji ambao kikundi cha Black Star waliingiza gitaa la besi kwenye taarabu, unastahili besi isiyopinda. Besi ya nyuzi nne inavuta shingo kwa nguvu ya kama kilo 70 hadi 80. Gitaa la nyuzi nyembamba za 10, yaani uzi mwembamba kuliko wote ni inchi 0.010, halifiki 50. Mkongo ukishakauka hautikisiki, unapatikana kwa urefu wowote kwa sababu watu wanatengenezea milango, na ni mgumu wa kutosha kushika freti. Matundu yake ni makubwa, yajaze kwa unga wake mwenyewe uliochanganywa na gundi. Utapiga chafya sana, mkongo una tabia hiyo.

Msaji tunao jirani, shamba la Longuza kule Muheza. Umetulia na una mafuta yake, lakini una mchanga ndani unaomaliza makali ya randa, na ni laini kidogo. Kwa gitaa la kujifunzia, sawa kabisa. Mninga haubadiliki na hali ya hewa, ni raha kuufanyia kazi, ila kwa ubao wa freti ni mlaini. Uweke kwenye shingo yenyewe. Mvule niachie wajenzi wa majahazi. Una vijiwe vyeupe ndani, msumeno ukikutana navyo utalia.

Hatua ya 6: Mifereji na gundi

Ulimi wa freti, yaani sehemu inayozama kwenye mfereji uliokatwa ubaoni, kwa freti nyingi una unene wa milimita 0.5 hadi 0.6. Kwenye mpingo mfereji ulingane na ulimi, usiubane: freti ishirini zilizosukumizwa kwa nguvu kwenye mti usiobonyea zitaipinda shingo kinyumenyume. Kwenye msaji bana kidogo.

Mpingo na msaji zina mafuta yanayokataa gundi. Piga msasa upande wa kugundisha, futa kwa asitoni mpaka kitambaa kiache kuchukua rangi, kisha gundisha hapo hapo, siyo kesho. Gundi nyeupe iwe nyembamba, kwa sababu ina maji na maji yanabetua ubao. Misumari miwili midogo iliyokatwa vichwa inazuia ubao kuteleza ukiubana. Acha saa 24.

Maswali ya wanachama

*Mpiga besi, Muheza:* Shikamoo fundi. Nataka besi isiyo na freti kabisa. Mninga utafaa?

Marahaba. Nyuzi zilizozungushiwa waya zitaula kama tupa, baada ya muda utaona mifereji chini ya kila uzi. Weka mpingo ukipata, au mkongo, na utumie nyuzi laini zisizo na mikwaruzo. Jaco Pastorius, mpiga besi wa Marekani, yeye alipaka epoksi, ile gundi ya kuchanganya inayokauka ngumu, juu ya ubao wa besi yake ya Fender ndipo akaendelea na nyuzi za waya. Njia hiyo inafanya kazi hata juu ya mninga, ila epoksi ikae unene wa kutosha kupigwa msasa.

*Mwanafunzi, Korogwe:* Si kweli kwamba mpingo unatoa sauti kali na rozwudi sauti nzito?

Kwenye gitaa la umeme, badilisha nyuzi, sogeza pikapu (ile sumaku inayonasa mtetemo wa nyuzi) milimita mbili, utasikia tofauti kubwa kuliko kubadilisha ubao. Chagua ubao kwa ugumu na utulivu wake.

*Mama mwenye duka la vyombo, Ngamiani:* Mteja wangu anarudi Ujerumani na gitaa lenye mpingo. Atazuiwa?

Mama, tangu Januari 2017 jamii yote ya Dalbergia iko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, ndiyo maana viwanda kama Fender vilihamia mti wa pau ferro kwa baadhi ya magitaa yao. Lakini tangu Novemba 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika vimeondolewa kwenye masharti hayo. Gitaa zima linapita. Mbao ghafi ya mpingo ni habari nyingine, hiyo inataka vibali. Na hata ndani ya nchi, ukinunua mbao dai risiti na kibali cha kusafirisha cha TFS, Wakala wa Huduma za Misitu.

*Kijana wa bendi, aliyehamia Dodoma:* Gitaa langu la Tanga lilikuwa zuri, sasa ncha za freti zinanikata mkono.

Ubao umenywea, freti hazinywei. Usizing'oe. Liache gitaa lizoee huko miezi miwili mitatu, kisha pitisha tupa nyembamba ubavuni kwa pembe, malizia kwa msasa namba 600. Bandika utepe wa karatasi juu ya mti kwanza.

*Fundi mwenzangu, Pangani:* Mafuta ya nazi kwenye ubao, unasemaje?

Yaache jikoni, yanabeba vumbi. Tone chache za mafuta ya cherehani au ya kitani kwenye kitambaa, pitisha, ngoja dakika kumi, futa yote. Msaji na mkongo mara mbili kwa mwaka, ukibadilisha nyuzi. Mpingo futa kwa kitambaa kikavu tu. Na kitambaa chenye mafuta ya kitani usikikunje ukakitupa kwenye unga wa mbao, kinaweza kushika moto chenyewe. Kitandaze nje kikauke.