Unataka kuhamia Mbeya mjini kutafuta kazi? Soma takwimu hivi kwanza

Kwanza kabisa usishike namba moja ya ukosefu wa ajira ukaamini ndo hali ya Mbeya, maana ule utafiti wa ajira wa NBS (Ofisi ya Taifa ya Takwimu) wa 2020/21 unagawa nchi Dar es Salaam, miji mingine na vijijini, so Mbeya mjini imo humo kwenye "miji mingine", imechanganywa na wenzake.

Pili angalia tafsiri iliyotumika. Kwa kipimo cha kimataifa ukifanya kazi hata saa moja kwa wiki, ukabeba magunia mawili ya viazi pale sokoni Mwanjelwa, tayari una ajira (sijui utalipa kodi ya chumba na nini), kile cha kitaifa cha ukosefu wa ajira ni kipana zaidi, kinawahesabu mpaka wenye vibarua vya kubahatisha kuwa hawana ajira, kwa hiyo usilinganishe namba bila kujua ni kipimo kipi.

Alafu usisahau msimu. Mpunga wa wilaya ya Mbarali ukianza kuvunwa vibarua vinakuwepo, kiangazi kikikaza watu wanarudi mjini kugombania bodaboda na saidia fundi.

Ukifika pita maeneo ya Kabwe, Sido na Uyole asubuhi, uliza madogo wanalipwaje kwa siku.