Punda Anayejikuna Mkia Hapelekwi Joshoni

Siku za kuogesha zinakaribia na najua kitakachotokea. Ng'ombe wataoga, mbuzi wataoga, kisha mtu atamvuta punda ambaye tangu mwezi jana anajisugua makalio kwenye nguzo za boma. "Naye tummalizie kilichobaki." Kilichobaki mara nyingi ni amitrazi. Kwa ng'ombe ni dawa nzuri ya kupe, sina ugomvi nayo. Kwa punda, farasi na baghala ni sumu.

Amitrazi hupenya ngozi na kulegeza mwendo wa utumbo mpana. Humo ndimo punda anamosagia nyasi zake kwa msaada wa vijidudu, kwa hiyo mwendo ukisimama chakula kinakauka, kinakuwa kigumu, kinaziba. Siku hiyohiyo au ya pili utamwona amesinzia, mdomo wa chini umelegea, anayumba, hataki kula. Jambo la kuangalia kuliko yote ni kinyesi: hatoi, au anatoa vidonge vichache vikavu. Farasi mwenye tumbo kama hilo angegaagaa chini ukajua kuna hatari. Punda husimama kimya, na mwenye punda anasema "dawa imemchosha tu."

Sasa hesabu, maana hapa ndipo ubishi unapoanza. Amitrazi ya asilimia 12.5 huchanganywa ml 40 katika lita 20 za maji kunyunyizia ng'ombe. Mfugaji akishaambiwa haifai kwa punda, swali la pili ni lilelile kila kijiji: "Basi nikiweka ml 20?" Hapana. Wala ml 10. Hakuna nusu ya punda wala robo ya punda. Na mchanganyiko uliolala kwenye pipa tangu juzi usidhani umepoa: amitrazi ikikaa ndani ya maji huvunjika na kuzaa kemikali nyingine iliyo kali kwa wanyama hawa. Karatasi ya maelezo inakuja ndani ya boksi. Acheni kuitupa mlangoni mwa duka la dawa.

Kama umeshampaka, mwoshe sasa hivi kwa maji mengi na sabuni ya mche, mara mbili, ukiwa umevaa glovu, mbali na kisima na mto. Mpe maji safi ya kunywa. Pumba na mabua makavu weka kando. Usimnyweshe mafuta ya kula kwa chupa, yataingia kwenye mapafu. Mpigie daktari wa mifugo saa hiyohiyo, usisubiri tumbo lifunge. Bomba la kunyunyizia la mgongoni lililobeba amitrazi nalo lisuuze kabla ya kuweka dawa nyingine yoyote ya punda.

Kuwashwa kwenyewe sasa. Inua mkia asubuhi kabla hajaoshwa. Ukikuta utando wa kijivu au wa manjano umegandamana kuzunguka njia ya haja, hiyo ni minyoo ya mkunduni: jike hutoka nje kutaga mayai, na gundi yake ndiyo inayowasha. Bandika kipande cha selotepu pale, kibandue, kipeleke maabara ya mifugo. Kupima kinyesi pekee kunaikosa mara nyingi.

Dawa ni ivamektini ya kulisha iliyotengenezwa kwa farasi, miligramu 0.2 kwa kila kilo ya uzito. Ile ya sindano ya ng'ombe usimchome punda, hata muuzaji akiapa ni kitu kimoja. Mahali palipochomwa huweza kuvimba na kuoza.

Uzito hausomwi kwa macho. Chukua futi ya fundi cherehani, zungushia kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, shogi likiwa limeshushwa, soma akishatoa pumzi. Kwa punda mzima, sentimita 105 ni kama kilo 104; 110 ni kilo 117; 115 ni kilo 132; 120 ni kilo 148. Ivamektini ya kulisha huja ndani ya bomba dogo la plastiki lenye alama za uzito: sukuma pete yake hadi alama iliyo juu ya uzito uliopata, usishuke. Bomba lililoandikwa kilo 600 linatosha punda 4 wa namna hii. Nimeona likigawanywa kwa 7, kila mmoja akilambishwa kidogo, na hiyo ndiyo njia ya kuwafundisha minyoo kuizoea dawa. Mdomo uwe mtupu. Ingiza ncha kwenye pengo kati ya meno ya mbele na magego, sukumia nyuma ya ulimi, shikilia kichwa juu mpaka ameze. Punda ana ujanja wa kuificha shavuni akaitema ukigeuka.

Dawa bila kuosha ni hasara. Mayai huwa tayari kuambukiza ndani ya siku 4 hadi 5, kwa hiyo futa chini ya mkia kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kila siku ya 3, kitambaa ukichome moto, na nguzo anazojisugulia zimwagie maji yanayochemka. Mnyoo mpya huchukua karibu miezi 5 kukomaa na kuanza kutaga, basi weka alama kwenye kalenda uinue mkia tena wakati huo.

Ukikuta chawa kwenye singa za shingo na shina la mkia, tafuta dawa ya jamii ya pairethroidi ambayo kibandiko chake kinataja farasi au punda, na urudie siku ya 14, kwa sababu mayai hayafi mara ya kwanza. Wengi hawarudii. Dawa hizo huua samaki, na paka akilamba manyoya yenye dawa anaweza kufa.

Anayewashwa kwenye shingo, mgongo na mkia wakati wa mvua tu, bila chawa wala utando, huenda anaumwa na usubi. Mwingize bandani kuanzia saa 11 jioni hadi saa 1:30 asubuhi, na ondoa samadi yenye majimaji karibu na banda. Oili chafu ya gari inaunguza ngozi, haitibu chochote.

Singa zikianza kuota upya, umefaulu.

Kamba ya shogi inayopita chini ya mkia iviringishiwe kitambaa safi cha pamba, na isirudishwe mpaka vidonda vya kujikuna vimefunga kabisa.