Kijiti cha oili kinaporuka: kusaka kosa la upumuaji kwenye Subaru ya turbo

Juzi jamaa alinipandishia Forester yake kutoka Mombasa, injini EJ20 ya turbo, imefungwa mkebe wa kunasa oili inayotoka na moshi wa injini. Shida mbili: akikanyaga, kijiti cha kupimia oili kinachomoka, na alipofika Nairobi, geji ya vakyumu (mvuto wa hewa kwenye manifoldi, yaani paipu za kuingizia hewa kwenye injini) ilikuwa imeshuka kutoka inchi 19 za zebaki hadi 14. Nilianza na shida isiyokuwepo.

Hatua ya 1. Injini ikiwa moto na kwenye sailensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta), fungua kifuniko cha oili, vika mdomo ule glovu nyembamba. Ikinyonywa kidogo, sawa. Ikivimba, njia ya kupumua imeziba au ringi zimechoka. Pima kompresheni kabla hujanunua chochote.

Hatua ya 2. Geji ya vakyumu. Nilikesha hapa. Geji hiyo hupima tofauti kati ya manifoldi na hewa ya nje, na hewa ya Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, ni nyepesi. Kila ukipanda mita 300 hivi unapoteza kama inchi moja ya zebaki. Kwa hiyo 19 ya Mombasa ikisoma 13 au 14 huku, hakuna kilichoharibika. Mimi niling'oa manifoldi, nikaweka gaskiti mpya, nikawasha: 14 ileile. Nikakaza klampu zote: 14. Siku hizi naunganisha skana ya kusoma kompyuta ya gari kwanza. Presha halisi ya manifoldi kwenye sailensa huwa kilopaskali 30 hadi 40, pwani na bara. Halafu naangalia marekebisho ya mafuta (kiasi ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta): yakiwa juu sana kwenye sailensa kisha yakashuka karibu na sifuri kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika, basi kweli kuna mahali hewa inaingia kwa wizi. Ya huyu jamaa yalikuwa sawa kabisa. Tahadhari moja: ukiwa umefunga kamshafti kali (shafti ya kufungulia valvu za injini, ya mashindano), vakyumu itakuwa chini na sindano itatetemeka hata injini ikiwa nzima, kwa hiyo usiilinganishe na gari la jirani.

Hatua ya 3. Valvu ya PCV, yaani ya kupumulia injini. Kwenye sailensa manifoldi huvuta moshi wa tumbo la injini (sehemu ya chini yenye krenki na oili) kupitia valvu hii. Turbo ikianza kusukuma, valvu lazima ijifunge, na moshi upitie mipira (mabomba ya mpira) ya vifuniko vya juu hadi kwenye paipu ya kabla ya turbo. Ichomoe uipulize: kutoka upande wa injini ipitishe, kutoka upande wa manifoldi ikatae. Kuitikisa usikie ikilia hakutoshi. Hii ililia vizuri na bado ilipitisha pande zote mbili. Presha ya turbo ilikuwa inaingia tumboni moja kwa moja, ndiyo maana kijiti kiliruka. Valvu yenyewe ilikuwa ya bei rahisi, imewekwa siku mkebe ulipofungwa. Nunua ya injini hiyohiyo, si ile "inaingia gari lolote".

Hatua ya 4. Mkebe. Uwe na wavu au kuta ndani. Mtupu ni pambo tu. Mipira isiwe myembamba kuliko ya kiwandani. Na usiachie moshi nje huku tundu la kwenye paipu ya turbo likibaki wazi: hewa itaingia bila kupita kwenye sensa ya kupima hewa, na mchanganyiko utakosa mafuta. Mimi hurudisha kila mpira mahali pake.

Hatua ya 5. Kama bado unashuku uvujaji, ingiza hewa ya kompresa kwenye paipu ya kabla ya turbo, upake maji ya sabuni. Usizidishe bar 0.3, kwa sababu hewa hiyo hufika pia tumboni na inaweza kusukuma nje sili ya krenki. Kusaka uvujaji kwa kunyunyizia klina injini iliyo moto sikubali gereji kwangu.

Valvu mpya ilifungwa kwa dakika kumi. Gaskiti ya manifoldi sikumlipisha.