Kutoa pedi za kiwanda na kufunga pedi za michezo kwenye Subaru STI, hatua kwa hatua

Pedi za breki za kiwanda kwenye Subaru WRX STI si mbovu. Nalisema mapema kwa sababu wateja wengi hufika gereji wameshaamua lazima zitoke, na ukiwauliza gari linatumikaje wanakwambia Mbezi hadi Posta, foleni asubuhi, foleni jioni. Kwa matumizi hayo, pedi za kiwanda ni ngumu kuzishinda: zinashika zikiwa bado baridi, hazipigi kelele, na hazijazi rimu vumbi jeusi. Zinaposhindwa ni kwenye joto. Shuka mteremko wa Kitonga kwa haraka huku unafunga breki kila kona, au ipeleke uwanjani kwa mizunguko ya kasi, ndipo utakapoona mwisho wake.

Kabla ya kununua chochote, jua kwanza kilichoshindwa. Kama pedali inabaki ngumu mguuni lakini gari halisimami kama mwanzo, na unasikia harufu kali ya kuungua, hizo ni pedi zimezidiwa na joto. Kama pedali inakuwa laini na kuzama, pedi hazina kosa: mafuta ya breki yamechemka, yametengeneza mvuke ndani ya mabomba, na wewe unakanyaga mvuke. Pedi mpya za bei kubwa hazitakusaidia hapo. Mafuta ya DOT 3 mapya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi na DOT 4 kuanzia 230, lakini yakishanyonya unyevu, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140 na 155. Ukanda wetu wa pwani una unyevu wa kutosha kuyaharibu mapema. Kama hukumbuki yalibadilishwa lini, yabadilishe pamoja na kazi hii.

Mwongozo huu ni wa STI yenye kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) za Brembo, pistoni nne mbele na mbili nyuma, zilizofungwa kwenye STI nyingi tangu umbo la GDB la miaka ya 2000 hadi 2017. Kuanzia toleo la 2018 kalipa za mbele zina pistoni sita, na pedi zake ni nyingine kabisa. Halafu kagua gari lenyewe, si maandishi ya kwenye buti. Mjini kuna WRX za kawaida zilizovalishwa vifuniko vya plastiki vyekundu vyenye jina la Brembo juu ya kalipa za kawaida. Toa tairi uangalie kwa macho yako kabla ya kwenda dukani.

Kuchagua pedi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Watu wananunua rangi na jina, wakati kitu cha kununua ni kiwango cha joto ambacho pedi inafanyia kazi. Pedi halisi za mashindano zinahitaji kupata moto kwanza ndipo zishike. Asubuhi ukitoka nyumbani, breki ya kwanza kwenye makutano itakutisha. Zinakula diski, zinalia, na vumbi lake hung'ang'ania kwenye rimu. Kwa gari linalobeba watoto shuleni Jumatatu na kukimbizwa Jumapili, tafuta daraja la kati, linaloshika likiwa baridi na kuvumilia joto la juu. Ferodo DS2500, EBC Yellowstuff na Hawk HP Plus ziko katika kundi hilo, ingawa ya mwisho ina sifa ya kulia na kuchafua rimu. Kama wewe ni wa barabarani tu na unataka ziada kidogo, Hawk HPS inatosha. Mimi gari la kila siku silipeleki juu ya hapo, hata mwenyewe akinishikilia.

Pembeni au mgongoni mwa pedi nyingi kuna msimbo unaoishia na herufi mbili, kwa mfano FF au GG. Ya kwanza inaeleza mshiko pedi ikiwa na joto la kawaida, ya pili ikiwa ya moto sana. E ni msuguano wa 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Pedi ya FE inapungua nguvu ikipata moto. Kwa mteremko mrefu hiyo siitaki. Herufi hizo hazisemi pedi itadumu muda gani wala kama italia, kwa hiyo usizifanye kigezo pekee. Pedi za barabarani zilizopitishwa kwa soko la Ulaya hubeba alama ya E ndani ya duara na namba inayoanza na 90R, maana yake mshiko wake umepimwa ukaonekana hauko mbali na ule wa kiwandani.

Feki zipo, Gerezani Dar na Kirinyaga Road Nairobi vilevile. Nikishika pedi naangalia bamba la chuma na kitambaa chake, yaani sehemu inayosugua diski, vinapokutana. Ikiwa na ufa, gundi iliyovuja, au kingo zinazomomonyoka kwa ukucha, nairudisha kwenye boksi. Namba ya pedi na ya boksi zifanane. Nunua za ekseli nzima, yaani tairi zote mbili za mbele au zote mbili za nyuma. Usiweke mpya upande mmoja na za zamani upande wa pili. Na ukibadilisha mbele kwa pedi kali zaidi, badilisha na nyuma kwa aina ileile, la sivyo umehamisha kazi yote mbele.

Vifaa

Jeki na stendi mbili, spana ya tairi ya 19, nyundo ndogo, panchi nyembamba kuliko pini za kalipa, brashi ya waya, dawa ya kusafishia breki, grisi maalumu ya breki inayovumilia joto, bomba la sindano la kunyonyea mafuta, bisibisi pana bapa, msasa, kabari, spana ya kipimo, miwani, glavu na barakoa. Grisi ya beringi usiilete hapa. Ikipata moto inayeyuka na kutiririka kwenye diski. Vumbi la breki usilipulize kwa kompresa. Pedi za zamani zisizojulikana zilikotoka zinaweza kuwa na asbesto, na hata zisizo nayo hazifai mapafuni. Lilowanishe kwa dawa, kisha lifute.

Hatua ya 1: Kuinua gari

Egesha kwenye sakafu ngumu iliyo sawa. Ukianza na mbele, vuta breki ya mkono, weka kabari nyuma ya matairi ya nyuma, legeza nati gari likiwa bado chini, ndipo uinue na kuliweka juu ya stendi. Usifanye kazi na jeki peke yake. Zungusha usukani ili mgongo wa kalipa unayoishughulikia utazame nje, utajishukuru.

Hatua ya 2: Kupunguza mafuta ya breki

Fungua kopo la mafuta ya breki. Kama yamefika juu, nyonya kidogo, kwa sababu pistoni zikirudi ndani mafuta yatapanda na kumwagika. Mafuta haya yanababua rangi, na zile kalipa za dhahabu nazo hazisalimiki. Likidondoka tone, mwaga maji mengi papo hapo.

Hatua ya 3: Kutoa pini

Uzuri wa Brembo hizi ni kwamba kalipa haifunguliwi. Pedi zinatokea dirishani, mgongoni mwa kalipa. Zinashikiliwa na pini mbili, na katikati kuna springi bapa yenye umbo la msalaba. Vaa miwani. Angalia pini kwa pande zote: upande mmoja una kichwa kinene, mwingine ni mwembamba. Gonga upande mwembamba ili pini itokee upande wa kichwa. Kwa kawaida utakuwa unagonga kutoka nje kuelekea ndani ya gari. Ikigoma, pulizia dawa ya kutu, subiri, kisha gonga mara chache kwa nguvu iliyonyooka. Kugongagonga kidogokidogo kunapanua ncha ya pini na kuifanya ing'ang'anie zaidi. Pini ya kwanza ikikaribia kutoka, bana springi kwa kidole gumba, maana inaruka.

Hatua ya 4: Kurudisha pistoni

Fanya hili pedi za zamani zikiwa bado ndani. Ingiza bisibisi pana bapa kati ya pedi na diski na uisukume pedi taratibu, ikirudisha pistoni zake zote mbili pamoja. Pedi ya zamani inasambaza nguvu sawasawa na kuikinga pistoni isichubuke. Kisha itoe, andaa upande huo wa diski na pedi mpya kama inavyoelezwa hapa chini na kwenye Hatua ya 5, ingiza mpya mahali pake, ndipo uende upande wa pili. Ukitoa pedi zote mbili kwa pamoja, kila ukisukuma pistoni hii, ya ng'ambo inachomoza, na unaweza kuhangaika nazo hadi jua lizame. Pistoni isiyotaka kurudi kabisa, au raba yake ya vumbi imechanika, ni kazi ya kufungua kalipa, usiilazimishe.

Kabla pedi mpya haijaingia, ikague diski. Ya mbele ikiwa mpya ina unene wa milimita 30 na kipenyo cha 326. Ya nyuma milimita 20 na 316. Unene wa chini unaoruhusiwa umepigwa muhuri kwenye diski yenyewe. Kama imefika hapo, au ina mitaro inayonasa ukucha, pedi mpya juu yake ni hasara. Ikiwa nzima, isugue pande zote, kila upande kwa zamu yake, kwa msasa kwa mzunguko ili kuondoa utando wa pedi za zamani, kisha isafishe kwa dawa mpaka kitambaa cha kufutia kitoke cheupe. Usiiruke hatua hii. Pedi nzuri haisugui chuma kitupu. Inajenga tabaka lake jembamba juu ya diski na kushikana na tabaka hilo. Ikikuta tabaka la pedi ya aina nyingine, zinagombana, na mara nyingi ugomvi huo utausikia kama kelele na mtetemo.

Hatua ya 5: Kufunga

Sugua pini na njia za pedi kwa brashi ya waya. Paka grisi ya breki kidogo sana mgongoni mwa pedi, pale inapogusa pistoni, na kwenye kingo zinazoteleza. Isiguse kitambaa cha pedi. Kama pedi ina mshale, ufuate mzunguko wa tairi linapokwenda mbele. Pini moja, springi, pini ya pili. Igonge hadi kichwa kikae ndani kabisa. Pedi isogee kwa kidole. Ikibana, zikague kingo zake, kwani rangi nene ya kiwandani kwenye bamba ni tatizo la kawaida la pedi hizi na faili dogo linalimaliza.

Nyuma kazi ni ileile. Breki ya mkono ya STI ni ngoma ndogo iliyofichwa ndani ya diski, kwa hiyo pistoni za nyuma zinasukumwa tu, hazizungushwi kama kwenye magari mengine. Wakati wa nyuma, iachie breki ya mkono na uweke kabari mbele.

Hatua ya 6: Kukanyaga kabla ya kuwasha

Rudisha matairi, kaza nati kwa kuruka upande hadi upande, na malizia kwa spana ya kipimo kwa kiwango cha kwenye kitabu cha gari. Halafu kaa kwenye kiti, ukanyage pedali taratibu mara nyingi mpaka iwe ngumu. Pistoni ziko mbali na pedi, na miguso ya kwanza itazama hadi chini. Anayewasha na kurudi nyuma kabla ya kufanya hivi huligundua hilo ukutani. Kagua kopo la mafuta, ujazie hadi mstari.

Hatua ya 7: Kuzoesha pedi

Fuata maelekezo ya mtengenezaji kama yamo kwenye boksi. Kama hayamo, mimi hutafuta barabara ndefu, tupu, alfajiri, isiyo na trafiki wenye tochi wala bodaboda. Kwanza breki za wastani kama sita kutoka kilomita 60 kwa saa hadi 15. Kisha nane hadi kumi za nguvu kutoka 80 hadi 15, karibu na pale ABS (mfumo unaozuia tairi kukwama) inapotaka kuingia lakini isiingie, na katikati unaongeza mwendo mara moja. Usisimame kabisa katika zoezi hili lote. Ukisimama na pedi za moto zimebana diski, zinaacha doa la kitambaa mahali pamoja, na doa hilo ndilo linalotikisa usukani baadaye. Mara nyingi mwenye gari huambiwa diski imepinda, akauziwa nyingine, kumbe ilihitaji kusafishwa tu.

Harufu na moshi mwembamba vikitokea usiogope. Endesha dakika 10 hadi 15 bila kugusa breki kadiri inavyowezekana, zipoe kwa upepo. Ukifika, usivute breki ya mkono kwa nguvu. Egesha kwenye gia na uweke kabari. Diski iliyozoea vizuri ina rangi ya kijivu iliyoenea sawasawa, bila mabaka.

Baada ya kilomita mia chache toa tairi moja ulinganishe unene wa pedi ya ndani na ya nje. Zikipishana sana, kuna pistoni inayogoma au pedi inayobana kwenye njia yake. Mimi hubadilisha zikibaki milimita 3, na kwa gari la uwanjani mapema zaidi, kwani kitambaa chembamba kinapitisha joto haraka hadi kwenye pistoni na mafuta.

Zile za kiwanda, kama bado ni nene, zifunge kwenye gazeti na uandike kila moja ilitoka wapi: kulia, kushoto, ndani, nje. Siku ya kuuza gari utazirudisha, na siku hiyo msasa na zoezi la barabarani ni lilelile.